Wadhamini Watatu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye steshenari moja upande wa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, nasubiri ramani zangu zitoke kwenye printa. Mbele yangu alikaa kijana kwenye stuli, amekumbatia bahasha ya kaki, na dada wa steshenari anamchapia wasifu. Kazi ilikwenda upesi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, shahada ya uhasibu. Dada alikuwa amefungua wasifu wa mtu mwingine, anafuta ya yule anaweka ya huyu. Sehemu ya mambo anayopenda aliiacha kama ilivyo, kusoma na kusafiri, na kijana hakupinga.

Wakafika chini kabisa. "Wadhamini?" dada akauliza. "Tangazo linataka watatu."

Kijana akanyamaza. Akatoa simu, akampigia mtu. "Kaka, nitumie jina la bosi wako na namba yake, niandike tu, hawapigi." Jina la kwanza likapatikana. La pili akamtaja mchungaji wa kanisa la kwao. La tatu likakataa kuja. Akageuka, akaniona nimeshika bomba la ramani.

"Shikamoo mzee. Samahani, ofisi yako ni ipi?"

"Marahaba." Nikamwambia nina ofisi ndogo ya kupima viwanja, kule njia ya Nala.

"Naomba nikuweke wewe, mzee. Ni utaratibu tu, hawapigi simu."

Nilimwambia siwezi, kwa sababu sijui kazi yake hata moja. Nilisema kwa upole na hakuchukia. Alitazama bahasha yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hakuna anayeijua."

Nimekuwa nalo jibu hilo tangu siku ile. Kijana ana shahada, amekaa miaka mitatu katika mji wenye wizara zote, na hakuna mtu mzima mmoja nje ya ukoo wake anayeweza kusema: huyu nilimpa kazi fulani, akaifanya hivi. Naamini hapo ndipo mipango ya kazi chuoni inapoharibika, na inaharibika mapema sana, kabla hata ya kuandika barua ya kwanza ya maombi.

Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amepanga nini, atakutajia mwajiri. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Benki Kuu. Shirika la kimataifa. Mwingine atakutajia cheo. Anaweza kuwa na ndoto nzuri kabisa, lakini jina la mwajiri ni mahali anapotaka kufika, na njia hajaitaja. Miaka mitatu inapita kwa kufuata ratiba: vipindi, majaribio, mitihani, kukwepa sapu, ile mitihani ya marudio, kungoja bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu. Halafu siku moja, ghafla, anaambiwa atafute kazi, kana kwamba kazi ni somo jipya ambalo halikuwamo kwenye muhula wowote.

Na foleni anayoikuta ni ndefu. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakazidi 135,000. Piga hesabu: kila kiti kimoja kinagombewa na watu zaidi ya themanini. Katika umati wa namna hiyo shahada haikutambulishi kwa yeyote, maana aliye mbele yako anayo na aliye nyuma yako anayo.

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma lina masharti yanayojirudia kila mara. Uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 45, uambatishe vyeti vyako vya kuhitimu kwani hati za matokeo hazikubaliwi, na uweke maelezo binafsi yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Watu wanahangaikia vyeti. Wanakimbizana na mwanasheria kugongesha mihuri. Ule mstari wa wadhamini wanauacha wa mwisho, wanaujaza steshenari. Kinachoniuma zaidi ni kwamba anwani ya Sekretarieti yenyewe, kama inavyosomeka kwenye matangazo yake, ni Chuo Kikuu cha Dodoma, majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro. Mwanafunzi anaweza kuishi jirani na ofisi inayoajiri serikalini kwa miaka mitatu, na asisome tangazo lake hata moja mpaka siku alipomaliza mtihani wa mwisho.

Lisome mwaka wa kwanza. Likate, libandike ukutani juu ya kitanda. Kisha jiulize swali moja: ile mistari mitatu ya mwisho nitaijaza na nani?

Sidai kwamba serikali inawapigia simu wadhamini kabla ya kukuita. Usaili wa utumishi wa umma unaendeshwa kwa alama: mtihani wa mchujo, kwa kada nyingine mtihani wa vitendo, kisha mahojiano. Lakini mtu aliyefanya kazi mpaka watatu wakaiona, akifika kwenye mahojiano anakuwa na kitu cha kusimulia. Mwenzake anasimulia notisi. Wasaili wameshasikia notisi zile mara mia. Na huku kwetu, kwenye kampuni ndogo, miradi na mashirika, simu inapigwa. Mimi napigiwa. Wananiuliza, "Huyu binti ameandika jina lako, unamfahamuje?"

Nafasi ya kuwapata watu hao ipo tayari ndani ya shahada, nayo ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini.

Kwa kozi nyingi fildi ni wiki nane, inaangukia kiangazi baada ya muhula wa pili, Dodoma ikiwa na vumbi na upepo wa baridi wa asubuhi. Chuo kinaandika barua, mwanafunzi anatafuta ofisi, ofisi inampokea, msimamizi wa chuo anakuja kumwona, ripoti inaandikwa, alama zinatoka. Kwenye karatasi utaratibu ni mzuri. Ninachokiona mimi kwa miaka yote niliyopokea wanafunzi ni vijana wanaokaa kwenye benchi la ukutani kuanzia saa mbili mpaka saa tisa na nusu, wameshika simu, wanangoja kutumwa kudurufu barua. Wiki ya mwisho daftari la kazi za kila siku linajazwa kwa usiku mmoja, kalamu mbili za rangi tofauti ili lionekane lilijazwa kwa siku nyingi.

Nalijua hilo la kalamu mbili kwa sababu nililifanya. Nilipokuwa mwanafunzi, ofisi niliyopelekwa ilinipa kiti na gazeti, nami nikaona nimepata mapumziko. Siku moja fundi mkuu wa upimaji aliniita twende naye porini kusimika mawe ya mipaka. Nikasema naumwa tumbo. Sikuwa naumwa. Niliona aibu kubeba zege mbele ya watu nikiwa msomi. Yule mzee alikuwa na ujuzi wa miaka thelathini mikononi, na hakuniita tena. Nilikuja kujifunza namna ya kusoma kona ya kiwanja iliyozikwa na mchanga nikiwa tayari nimeajiriwa, kwa makosa, kwa gharama za mteja. Hasara hiyo mpaka leo sijaisamehe nafsi yangu.

Kwa hiyo nieleze habari ya wanafunzi wawili waliopita ofisini kwangu, msimu mmoja, kwa sababu ndio walionifundisha ninachokisema.

Mmoja alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooshwa, saa moja na dakika hamsini yupo mlangoni, salamu kwa kila mtu. Alifanya kila alichotumwa. Mwingine alikuwa binti anayesoma mipango miji, ametokea kijiji kimoja cha Kondoa, mkimya. Wiki ya kwanza alitumwa kama mwenzake. Wiki ya pili alinijia mezani. "Baba, yale majalada kule ndani, mteja akija mnatafuta kwa muda gani?" Nikamwambia ukweli, wakati mwingine nusu saa, wakati mwingine tunamwambia arudi kesho. Akasema, "Naomba niyapange."

Yalikuwa majalada zaidi ya mia tatu, yamerundikwa sakafuni katika chumba tulichokiita masijala kwa heshima tu. Binti alijifunga kanga, akafunika pua kwa kitambaa maana vumbi la humo si la mchezo, akayatoa yote. Akayagawa kwa eneo, kisha kwa kitalu, kisha kwa namba ya kiwanja. Kila jalada akaliandikia kwa kalamu nene ubavuni, si juu, ili lisomeke likiwa limesimama kwenye rafu. Akafungua jedwali kwenye Excel lenye jina la mteja, simu yake, kazi imefikia wapi, na karatasi gani inakosekana. Hiyo safu ya mwisho hakuna aliyemwagiza. Kwa safu hiyo tukagundua wateja kumi na wawili walioamini kazi zao ziko halmashauri, kumbe zilikuwa sakafuni kwetu zikingoja sahihi moja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuifikiria fildi, lakini binti yule aliniponya kweli.

Miaka miwili baadaye nikapigiwa simu kumhusu. Nilizungumza karibu dakika kumi. Nilieleza kanga, vumbi, kalamu nene, wale wateja kumi na wawili. Aliyenipigia akacheka, akasema inatosha mzee, nimekuelewa. Mwaka uleule nikapigiwa kuhusu yule kijana. Nikafikiri sana. Nikasema, "Ni kijana mzuri, ana nidhamu." Nikajisikia nikisema hivyo na nikajua nimemwangusha, kwa sababu aliyeniuliza alisubiri niendelee na sikuwa na la kuendelea nalo. Lile kosa nusu yake ni langu. Wiki nane nilikuwa naye, sikumpa kazi moja yenye mwanzo na mwisho.

Mdhamini anachoweza kutoa ni alichokiona tu. Nidhamu, mavazi na kuwahi vinakufanya usifukuzwe, havimpi mtu cha kusimulia. Kinachosimulika ni kazi iliyokamilika, hata iwe ndogo namna gani, ambayo kabla yako haikuwepo na baada yako ipo. Mwanafunzi akiingia fildi na lengo hilo moja, kwamba nikitoka hapa nitaacha kitu kimoja kilichokamilika, basi hata ile ofisi mbovu isiyompa chochote inageuka kuwa na kazi, maana ofisi mbovu ndizo zenye marundo mengi sakafuni.

Na kuna jambo la pesa ambalo wanafunzi hawalioni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, ile wanayoiita hela ya fildi. Siku utakapoajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Maana yake zile wiki nane umezinunua, na utazilipia kwa miaka. Kukaa kwenye benchi na simu kunakugharimu sawasawa na kupanga majalada mia tatu.

Sasa tutazame mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini ulikwenda kwa mwendo wa konokono. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhama kweli, mwaka 2018 tukaitwa jiji, mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Mimi niliyepima mashamba ya mtama na kuyageuza vitalu nimeyaona mabadiliko hayo kwa miguu. Mji unaokaribia kuongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi una kazi ambazo hazijapata jina, na nyingi haziko kwenye majengo ya wizara kule Mtumba.

Lakini nenda Julai uone barua za fildi zinakokwenda. Zote Mtumba. Wizara hiyohiyo moja inapelekewa rundo la barua, inachukua wachache, waliobaki wanarudi hosteli wamekata tamaa wakisema Dodoma hakuna nafasi.

Mtoto wa jirani yangu, anayesoma biashara, alikosa hivyohivyo. Kwao ni Mpunguzi, wanalima zabibu. Baba yake akamwambia aende kwenye chama cha wakulima akaombe. Alikwenda kwa unyonge, naweza kusema kwa aibu. Wenzake walikuwa wizarani na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Ila zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya kiangazi huangukia mlemle ndani ya fildi, kwenye Agosti na Septemba. Alifika wakati kreti zinaanza kushuka.

Nilikwenda kumwona siku moja. Alikuwa amesimama kwenye mizani chini ya turubai, nyuki wamejaa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa zabibu. Mkononi ana kifaa kidogo kama darubini ya mtoto. Unakamua tone moja la zabibu kwenye kioo chake, unakifunika, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia unasoma kiwango cha sukari. Akaniwekea tone nami nikachungulia. Akanieleza kwamba mwanzoni chama kiliandika idadi ya kreti tu, na kila jioni kulikuwa na ugomvi, kwa sababu kreti ya huyu imejaa na ya yule imepunjwa. Yeye akaanza kuandika kilo na sukari mbele ya mkulima mwenyewe, mkulima anaona, anaweka dole gumba. Ugomvi ukapungua. Na chama kikajua zabibu zipi ziuzwe mbichi na zipi zikamuliwe mchuzi wa mvinyo haraka, maana zabibu iliyoiva haikusubiri.

Mwenyekiti wa chama kile ni mzee mwenye simu ya kitochi. Ukimpigia kuhusu yule kijana, atakusalimu kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kana kwamba mmekaa sebuleni, kisha atakueleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo kilo, kreti, na siku kijana alipogoma kuandika uzito ambao hakuuona kwa macho yake. Ningekuwa naajiri mhasibu, ningemwamini mzee huyo kuliko barua yenye nembo.

Najua neno nitakalojibiwa: koneksheni. Kwamba mzee unaota, kazi ni za watoto wa wakubwa. Sitalikana. Nimeona mtu akiingia kwa mlango wa mjomba na mwenye uwezo akibaki nje na bahasha yake, na ni dhuluma. Inawaumiza zaidi watoto wa wakulima, waliosomeshwa kwa kuuza ng'ombe. Ila yule binti wa Kondoa hakuwa na mjomba Dodoma. Alichokuwa nacho ni mimi, na mimi alinipata kwa mikono yake mwenyewe ndani ya wiki nane. Kujuana kwa damu hukuchagua na huwezi kukuongeza. Kujuana kwa kazi kunajengwa na yeyote, na asiye na mjomba ndiye anayekuhitaji kuliko wote. Nikimsikia kijana maskini anasema hakuna haja ya kujituma fildi kwa sababu ajira ni koneksheni, nasikia mtu anayetupa kamba pekee aliyonayo.

Hata anayetaka kujiajiri hakwepi. Mikopo ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, mara nyingi inakopeshwa kwa vikundi. Nani atakubali kuingia nawe kwenye kikundi cha deni kama hajawahi kukuona ukishika pesa ya watu na kuirudisha?

Hapo ndipo mwaka wa kwanza unapohusika, maana si lazima kungoja fildi. Mchungaji aliyetajwa steshenari hakuwa mdhamini mbaya. Wala sheikh wa msikiti wa chuo si mbaya. Neno ni moja: ataeleza nini akipigiwa? Kama ulikuwa mweka hazina wa kwaya, ukakusanya michango ya safari, ukarudisha chenji na risiti na karatasi ya mahesabu iliyosomwa mbele ya wote, mchungaji ana la kusema. Kama ulikuwa unaimba sauti ya tatu, atasema ni kijana mzuri.

Mwalimu wa chuo ni mgumu zaidi kumpata. Darasa la watu mia nne hamjui mtu. Lakini mwaka wa mwisho wengi wanafanya utafiti chini ya msimamizi mmoja, na hapo kwa mara ya kwanza mnakuwa wawili mezani. Mpelekee sura kwa tarehe mliyokubaliana, rudi na masahihisho yaliyofanyiwa kazi kweli, usiende kununua tafiti iliyoandikwa na mtu wa mtaani. Msimamizi anasoma kazi za wanafunzi kumi na anajua vizuri nani kaiandika yake.

Nikirudi kwa vyuo na sisi wenye ofisi, tuna deni. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja, anakaa dakika ishirini, anauliza kama mwanafunzi anafika kazini, anasaini, anaondoka kuwahi ofisi nyingine saba. Fomu niliyowahi kupewa nijaze ilikuwa na mistari ya mahudhurio, mavazi, heshima na ushirikiano, na mstari mmoja mfupi wa kazi aliyofanya, nao haukutosha hata kuandika neno masijala. Chuo kinachouliza mahudhurio kitapata mahudhurio. Kingeuliza: huyu ameacha nini hapa, tuonyeshe, msimamizi asingeondoka bila kuonyeshwa rafu au daftari. Badiliko hilo halihitaji bajeti, linahitaji fomu nyingine. Kwa upande wetu, tangu msimu ule nimejiwekea sharti la kuandaa orodha ya kazi kabla wanafunzi hawajaja, na kila mmoja anachagua moja anayoimiliki mpaka imalizike. Miaka mingine nimepokea wawili tu kwa sababu nilikuwa na kazi mbili tu. Waliobaki nimewaambia ukweli, kwamba nikiwachukua nitawawekea benchi.

Kuhusu yule kijana wa steshenari. Ramani zangu zilipotoka nililipa, nikafika mlangoni, nikarudi. Nikamwambia jina langu siwezi kumpa, lakini nina shida ya mhasibu. Wateja wangu wengi wanalipia viwanja kwa awamu, na daftari la malipo na vishina vya risiti haviongei lugha moja kwa mwaka wa pili sasa. Nikamwambia nauli na chakula nitampa, mshahara sina, na kazi ina mwisho: siku daftari na vishina vitakapokubaliana.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa mlangoni, bahasha ya kaki bado anayo. Nikamfungulia sanduku la risiti. Siku tatu za kwanza hakusema neno. Siku ya nne akaja na vishina viwili, majina yanafanana herufi kwa herufi, namba za simu tofauti, na malipo yote yameandikwa kwa mtu mmoja. Mmoja ni mama wa Chang'ombe ambaye tumekuwa tukimdai tangu mwaka jana, naye akisisitiza amelipa. Nikampa kijana simu nikamwambia ampigie yeye mwenyewe. Alisimama nje kwenye kivuli cha mwarobaini akizungumza, na nilimsikia akisema, "Shikamoo mama. Samahani sana, ni kweli ulilipa. Nimeiona."

Leo ni wiki yake ya pili. Sanduku limefika nusu.